RAM ya 3200 inayokwenda kwa 2133: namna ya kuidai kasi uliyoilipia

Kwa zaidi ya mwaka nilitumia kompyuta niliyoiunganisha kwa mikono yangu mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600G, ubao mama wa B450, na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) vipande viwili vya GB 8 vilivyoandikwa kasi ya 3200. Kadi ya picha sikuwa nayo, fedha ziliishia hapo. Gemu zilikwenda kwa kukwamakwama na nikajiambia kwamba mashine ya bei ile ndiyo uwezo wake. Siku moja nikiwa natafuta jambo jingine kabisa kwenye Task Manager, nikaiona namba ya kasi ya RAM: 2133. RAM ilikuwa nzima, ubao mzima, prosesa nzima. Mimi tu ndiye sikuwahi kuiambia mashine iitumie RAM kwa kasi yake.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kompyuta ya mezani niiangalie, naanza na namba hiyo. Wengi nawakuta wamo katika hali niliyokuwa mimi, na wengine wao walilipa zaidi dukani ili wapate hizo 3200. Inaniuma kuona mtu amejinyima akanunua kitu kizuri halafu anatumia theluthi mbili yake. Kazi yenyewe ya kurekebisha ni dakika kumi. Kinachochukua muda ni kuhakikisha kwamba umerekebisha salama, na sehemu hiyo nakuomba usiiruke.

Kwa nini haijiwashi yenyewe

Kila kipande cha RAM kina kachipu kadogo kanakoitwa SPD. Humo ndani mtengenezaji ameandika kasi ambazo kipande hicho kinaweza kwenda. Kuna kasi za kawaida zilizokubaliwa na JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, na kompyuta ikiwashwa kwa mara ya kwanza huchagua kati ya hizo kwa sababu ndizo za uhakika. Kwa RAM nyingi za DDR4 (kizazi cha nne cha RAM za DDR) za kuchezea gemu, kasi hiyo ya kawaida ni 2133, 2400 au 2666, kwa umeme wa volti 1.2.

Ile 3200 iliyoandikwa kwenye boksi imehifadhiwa pembeni, katika profaili ya ziada inayoitwa XMP. Intel waliianzisha mwaka 2007, enzi za DDR3. Profaili hiyo hubeba kasi, muda wa kusubiri na volti, na kwa DDR4 ya 3200 volti hizo huwa 1.35. Kwa kuwa ni umeme mwingi kuliko wa kawaida, ubao mama hauipandishi mpaka mwenye mashine aamue. AMD nao walitoa ya kwao, EXPO, mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000 na DDR5. Kwenye mbao za ASUS za AMD utakuta jina DOCP, ambalo ni XMP ileile iliyosomwa kwa ajili ya AMD. Majina yasikuchanganye.

Zipo pia RAM za 3200 ambazo 3200 yake ni ya JEDEC yenyewe, zenye CL22 (CL ni namba ya muda wa kusubiri) na volti 1.2, mara nyingi zile za kijani zisizo na bati la kupoza. Hizo zikikutana na prosesa na ubao unaozikubali hufika 3200 bila kuguswa.

Hesabu kidogo, maana ndiyo inayoonyesha unachopoteza

RAM ya DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa yake. Kwa hiyo RAM ya 3200 ina saa inayopiga mara milioni 1600 kwa sekunde. Ndiyo sababu programu ya CPU-Z itakuandikia 1600 hivi na Task Manager ikuandikie 3200, na zote mbili ziko sahihi. Nimeshapigiwa simu na mtu aliyeshtuka kwamba ameuziwa RAM nusu. Hakuuziwa nusu.

Kila mpito mmoja hubeba baiti 8. Zidisha mipito milioni 3200 kwa 8, unapata baiti milioni 25,600, yaani GB 25.6 kwa sekunde katika chaneli moja (njia moja kati ya RAM na prosesa). Vipande viwili vikikaa kwenye chaneli mbili ni GB 51.2. Ukiwa 2133, chaneli mbili zinakupa GB 34 hivi. Na ukiwa na kipande kimoja tu kwenye 2133, unabaki na GB 17.

Tazama tena namba hizo, kuna jambo ndani yake. Kipande kimoja kinachokwenda 3200 kinapitwa na vipande viwili vinavyokwenda 2133. Kwa hiyo kama una kipande kimoja cha GB 16 na unataka mashine ichangamke, profaili itasaidia, ila kipande cha pili kitasaidia zaidi.

Kwa mtu mwenye 5600G bila kadi ya picha, hizi si namba za kusoma na kuziacha. Sehemu ya picha ndani ya prosesa hiyo haina kumbukumbu yake. Inakopa RAM ileile anayoitumia prosesa. Kila unachokiona kwenye skrini kinapita humo. Ndiyo maana mashine za namna hii, ambazo wengi wetu tunazijenga kwa sababu kadi za picha ni ghali, ndizo zinazoumia zaidi RAM ikiachwa chini.

Kuna na muda wa kusubiri. Chukua namba ya CL, zidisha kwa 2000, gawanya kwa kasi, utapata nanosekunde. CL16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10. CL15 kwenye 2133 ni 14. CL ndogo haimaanishi RAM ya haraka mpaka uitazame pamoja na kasi yake.

Hatua ya 1: Jua ulipo sasa

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua Performance, kisha Memory. Upande wa chini utaona Speed. Andika namba hiyo kwenye daftari, pamoja na idadi ya sloti zinazotumika.

Anayetumia Linux afungue terminali na kuandika:

sudo dmidecode -t memory

Atafute mstari wa Configured Memory Speed. Hiyo ndiyo kasi inayotumika sasa. Mstari wa Speed peke yake ni kitu kingine, na watu wengi husoma huo wakadhani wameshafika.

Hatua ya 2: Soma kibandiko, kisha uulize ubao kama unaruhusu

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, usome kibandiko cha RAM. Andika daftarini kasi, namba nne zilizofuatana mfano wa 16-18-18-38, na volti. Hakikisha vipande vyote vinafanana. Vipande viwili vilivyonunuliwa siku tofauti vinaweza kuwa na jina moja na chipu tofauti ndani, na hapo ndipo usumbufu mwingi huanzia.

Sasa ubao. Upande wa AMD mambo ni mepesi: B450, B550, X470, X570 na hata A520 zinakuruhusu kuwasha profaili. Tena AMD wameithibitisha 5600G rasmi hadi 3200, kwa hiyo kwa kasi hiyo huiombi prosesa kitu cha ajabu.

Upande wa Intel soma kwa makini, maana chipu ya ubao inaweza kukufungia mlango. Mbao za H310, B360, H410 na B460 hazikuruhusu kuvuka kasi rasmi ya prosesa. Core i5 ya kizazi cha 10 kwenye B460 itaishia 2666 hata ukiweka RAM ya 3600. Mwaka 2021, B560 ilipotoka, Intel waliufungua mlango huo kwa mbao za daraja la kati, na B660 ikaendelea hivyo. H510 na H610 hazikufunguliwa.

Na kuna kundi jingine ambalo nalitaja kwa sababu limejaa maofisini na madukani kwetu: kompyuta za ofisi zilizotumika, kama OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre. BIOS zake (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) kwa kawaida hazina kabisa sehemu ya XMP. Laptopu nyingi ni vivyo hivyo. Kama unayo moja ya hizo, usinunue RAM ya gharama yenye taa na bati. Nunua ya kawaida ya kasi ambayo mashine inaikubali, na ile fedha iliyobaki uiweke kwenye SSD.

Hatua ya 3: Sloti

Ubao ukiwa na sloti nne na wewe una vipande viwili, viweke kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha ubao huziita A2 na B2. Nyaya ndani ya mbao nyingi zimepitishwa hivi kwamba sloti hizo ndizo za mwisho wa njia, na mawimbi ya umeme hufika yakiwa safi. Ukiweka kwenye ya kwanza na ya pili unapoteza chaneli ya pili. Ukiweka kwenye ya kwanza na ya tatu, chaneli utazipata, lakini kasi kubwa inaweza kukataa.

Sukuma mpaka usikie mlio wa kibano. RAM iliyokaa nusunusu imepeleka kompyuta nyingi kwa fundi bila sababu.

Hatua ya 4: Ijue njia ya kurudi kabla hujaondoka

Kwenye ubao kuna betri ya duara, CR2032, kama ya saa. Karibu nayo, au pembeni mwa ubao, kuna pini mbili zilizoandikwa JBAT1, CLRTC au CLR_CMOS. Zitafute sasa, mchana, kompyuta ikiwa inafanya kazi na kitabu cha ubao kiko mkononi, usije ukazitafuta usiku wa manane skrini ikiwa nyeusi. Mashine ikigoma kuwaka utachomoa umeme, utabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha utagusanisha pini hizo kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi hivi. Kila mpangilio utarudi kama ulivyotoka kiwandani. Huna kitabu? Toa ile betri kwa dakika chache, uirudishe.

Hifadhi nakala ya faili zako muhimu. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, iandike namba yake ya kufungulia mahali nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu Windows inaweza kuidai BIOS ikibadilishwa.

Hatua ya 5: Washa profaili

Washa kompyuta huku ukigonga Delete, au F2, mfululizo. Ukiingia BIOS:

Kwenye MSI, kitufe cha XMP au A-XMP kiko juu kabisa kwenye ukurasa wa kwanza. Kwenye ASUS ingia Ai Tweaker, mahali pa Ai Overclock Tuner, badilisha Auto iwe XMP au DOCP. Gigabyte ni kwenye Tweaker, au M.I.T. kwa mbao za zamani, mstari wa Extreme Memory Profile. ASRock ni OC Tweaker, mstari wa Load XMP Setting.

Ukiona profaili mbili, chukua ya kwanza. Kisha soma namba ilizojaza: 3200, volti 1.35, na zile namba nne za kwenye kibandiko. Zikilingana na daftari lako, bonyeza F10 na ukubali. Mengine yaache yalivyo. Kwenye Ryzen za AM4 (soketi ya prosesa kama 5600G) njia ya ndani ya prosesa itajipanga yenyewe kwa 1600, nusu ya 3200, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 6: Subiri

Mashine inaweza kuzima na kuwaka mara mbili au tatu bila picha. Inajifunza kuongea na RAM kwa kasi mpya. Usiichomoe. Ikishindwa, mbao nyingi zitajirudisha zenyewe na kukuandikia kwamba mpangilio haukukubalika.

Ikiwaka, rudia Hatua ya 1. Namba ikiwa 3200, umefika nusu ya safari.

Hatua ya 7: Jaribu, na ujaribu kwa uzito

Naomba unisikilize vizuri hapa. Kompyuta kuwaka si ushahidi kwamba RAM iko salama. RAM inayokosea kidogo inaweza kukaa wiki nzima bila dalili, huku ikiharibu faili kimyakimya: picha za harusi zenye mstari wa rangi katikati, faili la zip lisilofunguka, kazi ya shule inayofunguka ikiwa na takataka. Baadaye ndipo zinakuja skrini za bluu zenye maneno MEMORY_MANAGEMENT. Ukifika hapo hujui tena faili lipi ni zima.

Pakua Memtest86+, programu ya kupima RAM, ni ya bure, iweke kwenye flashi, uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Iache ipite mizunguko minne. Kwa GB 16 ni suala la saa kadhaa, kwa hiyo ianze ukiwa huna haraka. Kosa moja tu linatosha kusema hapana. Usijibembeleze kwamba ni kosa dogo.

Ikipita, fanya kazi nzito ndani ya Windows: programu ya Prime95 katika hali ya Blend kwa saa moja au mbili, kisha gemu unayoipenda. Nashauri jaribio moja ulifanye saa nane mchana, chumba kikiwa na joto lake la kawaida na kasha limefungwa. Joto huiyumbisha RAM, na mashine iliyofaulu alfajiri ya Julai inaweza kufeli adhuhuri ya Februari pale Dar es Salaam. Iandae kwa siku yake ngumu.

Ikigoma

Kwanza rudisha mipangilio, kitoe kipande kimoja, washa profaili na kimoja tu. Kisha kijaribu kile kingine. Kama kimoja kinafeli peke yake hata kwenye 2133, hicho ni kibovu. Kirudishe dukani na risiti.

Kama vyote ni vizima vikiwa kimojakimoja, angalia toleo la BIOS. Matoleo mapya mara nyingi hutengeneza uelewano na RAM, hasa kwa Ryzen. Ila umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, ubao unaweza kufa. Tumia UPS. Kama huna, nenda kwa mwenye nayo, au subiri ukiwa mahali penye umeme wa uhakika.

Bado inagoma? Acha profaili ikiwa imewashwa, shusha kasi peke yake iwe 3000, au 2933. Hapa ndipo wengi hupata utulivu, na tofauti kati ya 2933 na 3200 ni ndogo mno ukilinganisha na ile uliyotoka 2133. Ukipenda unaweza kuongeza volti ya RAM kidogo, 1.36 au 1.37, na usiende mbali zaidi ya hapo kama huna uzoefu. Volti nyingine za prosesa usiziguse kwa kubahatisha.

Wenye vipande vinne wategemee kasi ndogo zaidi. Si ubovu: kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa kinabeba mzigo mara mbili. Kwenye Ryzen 7000, AMD wanathibitisha DDR5 5200 kwa vipande viwili, na 3600 tu kwa vinne. Kwa hiyo anayetaka GB 32 anunue vipande viwili vya 16, kutoka boksi moja.

Kwa wenye DDR5

Hatua ni zilezile, na faida ya muda wa kusubiri ni kubwa zaidi. DDR5 ya 4800 yenye CL40 husubiri karibu nanosekunde 17. Ya 6000 yenye CL30 husubiri 10. Kwa Ryzen 7000, hiyo 6000 ndiyo watu wengi wanayoishia bila shida.

Mambo mawili tu uyajue. Uwashaji wa kwanza baada ya kubadilisha RAM kwenye mbao za AM5 (soketi ya Ryzen 7000) unaweza kuchukua dakika kadhaa, skrini ikiwa nyeusi kabisa. Nimemwona mtu akichomoa waya mara tatu akidhani ameua mashine. Weka chai, ukae.

La pili ni zito. Aprili 2023 prosesa kadhaa za Ryzen 7000X3D ziliungua zikiwa kwenye mbao ambazo, EXPO ikiwashwa, zilipandisha volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) kupita kiasi. AMD waliweka kikomo cha volti 1.3 kupitia matoleo mapya ya BIOS. Kwa hiyo kwenye AM5 sasisha BIOS kabla ya kuwasha EXPO, hasa kama ubao umekaa dukani muda mrefu au umeununua mkononi.

Mwisho, piga picha kwa simu ule ukurasa wa BIOS ukiwa na namba zinazofanya kazi. Mpangilio huu hupotea ukisasisha BIOS, ukigusa zile pini mbili, au ile betri ya duara ikichoka. Siku saa ya kompyuta itakapoanza kurudi nyuma kila ukiwasha, badilisha betri, kisha fungua Task Manager uitazame tena ile namba.